Sanamu Iliyoanguka: Juu ya Vichekesho vya Intaneti

Siku ya 7 Januari 2026, kiisha Misa ya asubuhi, tulipita kwenye njia panda ya Miti, pale barabara inayotoka Bukavu inapogawanyika: moja inaendelea Kavumu na Katana, ingine inapanda kuelekea Tshivanga, kwenye mulango wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Kijana mumoja anayechaji telefone za watu kwa nguvu ya jua alituita kwa sauti: «Padri, kuya uone! Bamemuangusha Lumumba!» Watu saba ao wanane walikuwa wamejikusanya mbele ya kioo kidogo cha telefone. Tukainama nasi. Tukaona muchezaji wa mupira wa Aljeria anasimama wima mbele ya washangiliaji wa Kongo, mukono juu, kama sanamu. Kiisha anajiachilia na kuanguka chini kama muti uliokatwa. Sekunde chache tu. Kijana akairudisha mwanzo, tukaona tena.

Tulicheka. Tunaandika neno hilo mwanzoni kabisa, kusudi musomaji asifikiri kwamba tunakuja kuhukumu wengine. Kulikuwa mama mumoja muuza ndizi, amesimama pembeni na mutoto mugongoni. Yeye peke yake hakucheka. Aliuliza tu: «Munacheka nini? Ule si alikufa?» Hakuna aliyemujibu.

Maneno ya mama yule yalitufuata siku nyingi. Ndiyo yametusukuma kuandika juu ya kitu ambacho mapadri wengi wanafikiri hakistahili wino: zile foto na video za kuchekesha zinazopita kutoka telefone hadi telefone, kutoka Kinshasa mpaka Bukavu, kutoka Bukavu mpaka Bruxelles, kwa muda ule ambao padri anavua mavazi ya Misa. Vijana wanasema kitu «kimefanya buzz». Muzee mumoja wa hapa alipolisikia neno hilo alifikiri tunazungumza juu ya mbuzi. Na kwa kweli hakukosea sana, maana kitu hicho nacho kinakula kila kinachokutana nacho njiani.

Seminarini walimu wetu walitufundisha kusoma kitabu: ni nani ameandika, ameandikia nani, ameacha nini nje. Kwa nini tusitazame video kwa namna ile ile? Katekista wetu anaona video makumi kila siku. Kitabu, labda kimoja kwa mwaka, na tena ni kile tulichomupa sisi.

Tuanze na kazi ya kwanza, kwa sababu ile ya Mualjeria ilikuwa jibu tu.

Desemba 2025 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Maroko. Kongo ilicheza na Benin, kiisha na Senegal, kiisha na Botswana. Kati ya washangiliaji wetu waliokuwa wakiimba na kucheza, alikuwako mutu mumoja, Michel Kuka Mboladinga, ambaye watu wanamwita Lumumba Vea. Yeye hakuimba, hakuruka. Alipanda juu ya kitako kidogo, kama kile cha sanamu, amevaa koti na tai, nywele na ndevu zimekatwa kama za Patrice Lumumba. Akainua mukono wa kuume, kiganja wazi, akasimama vile bila kutikisika tangu mwanzo wa muchezo mpaka mwisho. Anayejua Kinshasa alitambua mara moja: ni sanamu ya Lumumba ya Limete. Bao likiingia, wote wanaruka, yeye hapana. Bao likikosekana, wote wanashika kichwa, yeye hapana.

Kamera za televizyo zikamupenda. Kwa siku chache foto yake ikazunguka dunia, na watu wakaitia maneno yao ya kuchekesha. Hapa Miti walibishana jioni nzima, kama inzi ikimukaa puani atafanya nini.

Kwa nini inachekesha? Kwa sababu ya kinyume. Uwanja wa mupira ni fasi ya makelele, yeye amenyamaza. Watu wote wanahangaika kwa ajili ya mupira wa saa moja na nusu. Yeye amejifanya jiwe ambalo halina haraka. Kicheko cha kwanza kinatoka hapo, nacho ni kicheko kizuri. Lakini hakibaki vile. Kiisha dakika kumi, ishirini, arobaini, mutu anaanza kuona kwamba mukono ule unachoka, kwamba bega linauma, kwamba jasho linashuka na hakuna wa kulipanguza. Fratri yeyote ambaye amepata kushika musalaba wa maandamano wakati wa mahubiri marefu ya Monsinyori anajua kitu tunachosema. Basi anayetazama anaacha kucheka kidogo kidogo, bila kuambiwa, na anaanza kujiuliza mutu huyu anaumia kwa ajili ya nani.

Kwa ajili ya nani? Tukumbushe, sababu fratri wa leo wamezaliwa siku nyingi nyuma ya mambo hayo. Lumumba alizaliwa Onalua, katika Sankuru, mwaka 1925. Juni 1960 alikuwa Waziri wa Kwanza wa Kongo huru. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walifukiwa haraka porini. Kiisha maiti zao zikachimbuliwa, zikakatwa vipande, zikayeyushwa katika asidi, na mupolisi mumoja wa Ubelgiji, Gérard Soete, akajiwekea meno. Jino moja lilirudishwa kwa jamaa yake kule Bruxelles tarehe 20 Juni 2022. Likatembezwa katika inchi, na tarehe 30 Juni likawekwa katika kaburi Kinshasa. Taifa lilizika jino, sababu hakukuwa kitu kingine cha kuzika.

Sasa tunaelewa kazi ya Mboladinga vizuri zaidi. Kwa yule ambaye walimunyanganya mwili, mutu mumoja wa Kinshasa alimukopesha mwili wake mwenyewe. Sisi tunasema wazi: ni kazi nzuri. Ina kiasi, ina uvumilivu, na inamuheshimu mutazamaji, maana inamuachia nafasi ya kukumbuka mwenyewe. Tumeona michezo ya Pasaka katika parokia zetu ambayo inapiga kelele saa mbili na haisemi nusu ya yale.

Tarehe 6 Januari, kule Rabat, Aljeria ikatushinda bao 1-0. Adil Boulbina alilifunga katika dakika ya 119, wakati sisi wote tulikwisha kuanza kuhesabu penalti. Kiisha muchezo, Mohamed Amoura akafanya yale tuliyoyaona kwenye njia panda.

Tuipime kazi hii ya pili kwa haki, hata kama inauma. Kama kichekesho, imetengenezwa vizuri. Kwa sekunde chache inashika kila kitu cha ile ya kwanza na kukipindua. Sanamu isiyotikisika, sasa inatikisika. Kongo iliyosimama, sasa iko chini. Hakuna neno hata moja linalozidi. Kama angeigiza chui wa jezi yetu, chui akaanguka miguu juu, tungecheka mpaka leo na hakuna mutu angekasirika. Kumutania aliyeshindwa ni haki ya mushindi. Wazee wetu wanaijua haki hiyo kati ya ukoo na ukoo, na wanajua tena mipaka yake: unamutania shemeji yako mbele ya chakula, hata juu ya mbuzi zake na juu ya ubahili wake, lakini siku ya kilio unafunga kinywa kwanza na kuuliza aliyelala pale ni nani.

Amoura hakuuliza. Alifikiri anamuangusha mushangiliaji. Kesho yake, alipoona hasira ya watu, aliandika mwenyewe kuomba musamaha: hakujua foto ile inaonyesha nani, alitaka tu kutania. Sisi tunamusadiki. Na ni pale hasa tunapoona shida, kwa sababu Aljeria si mugeni kwa Lumumba. Desemba 1958, kule Accra, katika mukutano wa mataifa ya Afrika, Lumumba alikutana na Frantz Fanon, ambaye alikuja kwa jina la wapigania uhuru wa Aljeria. Watu wale walijuana. Kiisha karibu miaka sabini, mujukuu wa vita vile anamuona rafiki wa babu yake uwanjani, na hamutambui.

Mambo hayakuishia pale. Wakubwa wa mupira wa Aljeria walimupokea Mboladinga na kumupa jezi ya timu yao. Tarehe 10 Januari, kule Marrakech, Nijeria ikashinda Aljeria mabao 2-0, na Akor Adams alipofunga bao lake akasimama wima, mukono juu, kama sanamu. Kijana wetu wa telefone alitutafuta mpaka nyumbani kwa mapadri ili tuone hiyo nayo. Safari hii mama muuza ndizi alikuwako, na kijana akamuonyesha yeye wa kwanza.

Namna gani kitu kinachotembea katika dunia nzima kinafika kwa watu bila jina la mwenyewe? Tunafikiri jibu liko kwenye barabara yetu. Mama anayetoka Miti kwenda soko la Mudaka na muzigo wa mihogo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, hawezi kukimbia. Akiutua, anakimbia. Foto nazo ni vile vile. Ile inayobeba jina, fasi, mwaka, na kisa chake, inatembea polepole. Ili iende mbio lazima iutue muzigo. Na anayeipokea huko mbali anafikiri kwamba ilizaliwa nyepesi.

Tutoe mufano mumoja wa huku kwetu Kivu. Aprili 2019, kule Rumangabo katika mbuga ya Virunga, mulinzi wa mbuga Mathieu Shamavu alijipiga foto na telefone yake. Nyuma yake wanasimama ngagi wawili wa kike, Ndakasi na Ndeze, wima kama watu; mumoja amenyoosha shingo kuchungulia kamera kama shangazi katika foto ya ndoa. Dunia nzima ilicheka. Hapa Miti, karibu na ngagi wa Kahuzi, tulicheka zaidi, sababu sisi tunajua kwamba ngagi ni mutu mwenye kiburi na hapendi kuchunguliwa.

Kisa kilichotuliwa njiani ni hiki. Ndakasi na Ndeze walikuwa mayatima. Mwaka 2007 watu wenye silaha waliua mama zao; Ndakasi alikuwa na umri wa miezi miwili tu, na walinzi walimukuta ameshikamana na maiti ya mama yake. Walisimama kama watu kwa sababu walilelewa na watu. Mwaka moja tu kiisha foto ile, tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa kwa shambulio moja, na 12 kati yao walikuwa walinzi wa mbuga. Ndakasi mwenyewe alikufa tarehe 26 Septemba 2021, akiwa mikononi mwa André Bauma, yule aliyemulea tangu utoto. Je, ni vibaya kucheka mbele ya foto ya 2019? Hapana. Mulinzi mwenyewe alitaka tucheke, na anayejua kisa anacheka vizuri zaidi, kwa kicheko chenye machozi kidogo ndani. Kazi ile inaweza kubeba muzigo wake ukiurudisha, haivunjiki. Kwetu hicho ni kipimo cha kichekesho kizuri: rudisha jina, rudisha kisa, tazama kama bado kinasimama.

Kuna vingine ambavyo havisimami. Kule Wakaliga, mutaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filme ya kupigana kwa vifaa vya kuokota, «Who Killed Captain Alex?», mwaka 2010. Juu ya filme ile anasikilika mutu anayetania muda wote, kwa desturi ya mabanda ya video ya Uganda; watu wa Wakaliga wanajicheka wenyewe, na wanajicheka kwa mapendo. Januari 2018 vijana wa inchi za mbali, katika muchezo mumoja wa intaneti, walivaa sura ya kinyama chekundu, wakaigiza Kiingereza cha Uganda kwa kukibomoa, wakawazunguka watu wengine na kupiga ndimi. Ilienea pote. Wakaliga ilitoweka ndani yake. Ilibaki tu kwamba Mwafrika anasema vibaya. Ukirudisha jina la Nabwana pale, hakuna kinachochekesha tena.

Tusifikiri kwamba mambo haya yamezaliwa pamoja na telefone. Kule Roma, juu ya kilima cha Palatino, mwaka 1857 walivumbua muchoro uliokwaruzwa ukutani karibu mwaka 200. Unaonyesha mutu aliyesulubiwa mwenye kichwa cha punda, na mbele yake kijana anayeinua mukono. Chini yake maneno ya Kigriki yanasema kwamba kijana huyo, Aleksameno, anaabudu mungu wake. Ni foto ya kuchekesha yenye maneno yake chini, sawa kabisa na zile za leo. Mwenye kuichora alikuwa na mukono mubaya lakini alikuwa na akili ya kuchekesha: punda, musalaba, jina, imekwisha. Tunapenda kufikiria vijana wenzake wakipita na kucheka. Lakini katika chumba cha jirani kulivumbuliwa maandiko mengine, kwa Kilatini, maneno mawili tu: jina la Aleksameno, na neno la kusema kwamba ni mwaminifu. Ni nani aliyaandika? Labda mwenyewe, labda rafiki. Hakupiga kelele, hakuufuta muchoro. Alirudisha jina pale.

Tunawajua ndugu mapadri wanaohubiri kwamba telefone ni mukono wa Shetani, na kwamba mukristu wa kweli hacheki upuuzi. Wako na Mutakatifu Paulo upande wao, wanafikiri, maana katika barua kwa Waefeso anakataza utani kwa neno la Kigriki eutrapelia. Lakini neno lile lile Aristoteli alilitumia kwa kutaja fazila, na Mutakatifu Toma wa Akwino akalichukua kwake bila woga, katika sehemu ya pili ya Secunda Pars, swali la 168. Pale Toma anakumbusha kisa cha Mutakatifu Yoane Evanjelista, ambaye watu walishangaa kumuona akicheza na wanafunzi wake. Akamwambia mumoja mwenye upinde kuuvuta tena na tena, mpaka akasema kwamba ukivutwa bila kupumzika utavunjika. Akasema roho ya mutu nayo ni vile. Paulo alikuwa anawaza utani muchafu. Toma anawaza pumziko. Papa Fransisko naye, tarehe 14 Juni 2024, aliwaita Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja wa inchi mbalimbali, na hakuwaita ili kuwagombeza.

Na sisi tumeona kwa macho yetu. Februari 2025, vita ilipofika kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili nyuma yake ikaingia Bukavu, watu wa hapa walilala chini ya vitanda na kutumiana vichekesho. Hatukuwaona wakiacha; waliongeza. Mwenye kusema kwamba kicheko kile kilikuwa zambi, hakuwa chini ya kitanda pamoja nao.

Lakini kuna wandugu wengine, hasa vijana, wanaotujibu: «Padri, ni muchezo tu.» Hao nao wafungue Toma, lakini swali la 75, juu ya kudhihaki. Toma anauliza kama dhihaka ni zambi kubwa, na jibu lake ni la mutu aliyetazama watu vizuri. Kosa ao ajali ya mutu, anasema, tunaweza kuichukua kama kitu kidogo kwa njia mbili: ao kwa sababu yenyewe ni kidogo kweli, ao kwa sababu mutu mwenyewe tunamuona kuwa kidogo, kama vile wengine wanavyocheka ya mutoto ao ya mwenye akili pungufu. Ile ya kwanza ni muchezo. Ya pili ni zambi nzito, nzito kuliko tusi, kwa sababu anayetukana anasumbuka bado juu ya mutu wake, lakini anayedhihaki amekwisha kumuhesabu kuwa si kitu.

Tulisoma ukurasa ule seminarini, tukapata pointi nzuri katika mutihani. Tuseme sasa namna gani tulivyoutumia.

Katika parokia moja ambayo hatutaitaja, Dominika ya matoleo ya mavuno, mama mumoja mwenye zaidi ya miaka 70 alikuwa anakuja mbele na kuku mikononi. Mvua ilikuwa imenyesha, potopoto ilikuwa imeingia mpaka katikati ya kanisa. Mama akateleza, akaanguka kwa kukaa, na kuku akaruka mpaka karibu na altare. Kijana wa kwaya alikuwa anapiga video. Ilitufikia jioni. Tulicheka peke yetu chumbani mpaka machozi, kiisha tukaituma kwa mapadri wawili rafiki zetu, mumoja Bukavu, mwingine anasoma Ulaya, na chini tukaandika maneno matatu: «Kuku amepata wito.»

Kiisha juma moja video ilirudi kwetu kutoka kwa mutu tusiyemujua. Walikuwa wameitia muziki. Walikuwa wameandika juu yake kwamba mama alilewa kasiksi. Na chini, maneno yetu matatu yalikuwa yanabaki pale pale. Hivi tulijua imepita njia gani.

Mama aliacha kuja Misa. Katekista alituambia kwamba watoto kwenye chemchem wanalia kama kuku akipita na dumu lake. Tulisema tutakwenda kumuona. Amoura, ambaye hakujua kitu, alihitaji siku moja. Sisi, ambao tulikuwa tunajua yote, tulihitaji majuma tano.

Tulimukuta amekaa mbele ya mulango, anachambua maharagi. Tukaanza kueleza, tukazunguka maneno. Akatukata:

«Padri, mwana wangu, mimi sijaiona hiyo video. Sina telefone. Unayo?»

Tulikuwa nayo. Akapanguza mikono kwenye kikwembe chake, akaishika. Kuku aliporuka, akacheka. Alicheka kweli, bega likatikisika. «Ule kuku alikuwa na akili,» akasema. Kiisha akauliza yameandikwa nini. Tukamusomea yale ya juu, ya kasiksi. Hakusema kitu. «Na haya ya chini?» Tukasoma. «Nani aliandika?»

«Ni mimi, Mama.»

Akarudisha telefone, akashika tena maharagi yake. Yalipita maharagi mengi.

«Haya ya chini si mabaya sana,» akasema. «Wale wa kasiksi hawanijui. Lakini wewe, Padri, ulikuwa unajua jina langu. Ni wewe ulibatiza wajukuu wangu.»

Hatukuwa na jibu, na hatuna mpaka leo. Alituruhusu kuandika kisa hiki, bila kumutaja. Alisema tu tusiandike kwamba kuku alikuwa mukondefu. Hakuwa mukondefu.

Dominika iliyofuata hakuja. Ile ya pili alikuja, akakaa nyuma karibu na mulango, na wakati wa matoleo hakusimama. Video ingali inatembea. Juma lililopita fratri mumoja aliyekuja hapa Miti kwa mapumziko alituonyesha, akicheka, akituuliza kama tunaijua. Tulimwambia aketi, tukamusimulia.